Seti ya Arduino ya Kariakoo: rivyuu ya fasti yia wa umeme

Habari zenu wadau. Kuna watu wengi wamepangiwa uhandisi mwaka huu na kila mmoja ana kaka au binamu aliyemwambia "nunua ile seti ya Arduino utatoboa", ile inayouzwa Kariakoo kwenye boksi la plastiki lenye vyumba vyumba, ndani kuna bodi ya bluu (ndiyo Arduino yenyewe, kompyuta ndogo unayoiandikia programu isome sensa na kuwasha vitu), waya za rangi rangi, sensa na taa ndogo kibao. Mimi ninayo, nimeitumia kuanzia bumu la kwanza (hela ya mkopo wa chuo) mpaka sasa hivi tunakaribia UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kwahiyo naweza kuisema uzuri na ubaya wake. Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma: nunua, ila usiinunue peke yake, na vingine vilivyomo humo usiviamini hata kidogo.

Nijitambulishe kwanza maana rivyuu inategemea anayeandika anatafuta nini. Niko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, uhandisi wa umeme, nimetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu). Nyumbani ni Kidatu. Wanaopajua wanajua kuna mambo mawili pale, miwa na umeme, na umeme wenyewe hauonekani kwasababu mitambo iko chini ya ardhi ndani ya mwamba, sisi watoto tulichokuwa tunaona ni minara na nyaya za kilovolti 220 zinapanda kuelekea Morogoro na Dar, basi. Mitambo minne, kila mmoja megawati 51, jumla 204. Nilikuwa naona ni kitu kikubwa mno mpaka nilipokuja kusoma kwamba bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa na kila mmoja ni megawati 235, yaani mtambo mmoja tu wa kule unakizidi kituo chetu kizima, aisee niliumia kidogo kizalendo. Lakini kinachonivutia mimi sio ukubwa. Ni udhibiti. Watu wa Dar wakirudi nyumbani jioni wakawasha kila kitu kwa pamoja mzigo unapanda, mitambo inataka kupungua kasi, na kuna kifaa kinaitwa gavana kinatakiwa kihisi hiyo kasi inashuka na kufungua maji zaidi ili masafa yabaki hezi 50. Nani anapima? Anapima kwa nini? Kipimo kikidanganya kidogo inakuwaje? Na huko juu kwenye bwawa la Mtera wanajuaje maji yamebaki kiasi gani na waachie kiasi gani yaje Kidatu? Hayo ndiyo maswali yangu, nikimaliza nataka niende upande huo wa kontroo na mifumo ya umeme. Kwahiyo seti niliinunua kwa jicho hilo, natafuta kitu cha kunifundisha kupima na kudhibiti, wale wenzangu wa roboti wanaweza kuiona tofauti.

Haya bei. Mimi niliipata chini ya laki kidogo, ila bei ya Kariakoo mnaijua, inategemea umevaaje na umeongeaje. Duka la kwanza nilimuuliza muuzaji, "Kaka hii ni orijino?" akanijibu bila kupepesa macho, "Dada'angu hiyo ni orijino kabisa, ya Italia hiyo." Sio ya Italia. Arduino kweli ilianzia Italia, mji wa Ivrea, mwaka 2005, ila hii bodi imetoka China na haina hata nembo ya Arduino, imeandikwa UNO R3 tu. Na wala sio feki kwa maana mbaya, maana walioibuni waliacha michoro ya bodi wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza na kuiuza, kilichokatazwa ni kutumia jina na nembo yao. Kwahiyo usiogope kununua kopi, ila usilipe bei ya orijino kwa kopi, hapo ndipo wanapowapiga watu. Namna ya kuijua ni rahisi, angalia kachipu kadogo karibu na tundu la USB, kopi nyingi zimeandikwa CH340, ya Italia inatumia chipu nyingine kabisa ya ATmega16U2. Kikazi hutaona tofauti, isipokuwa kwenye Windows ya zamani ukichomeka bodi laptopu haiioni mpaka uweke draiva ya CH340. Watu wengi wanarudisha seti dukani kwa sababu hiyo tu wakidhani ni mbovu.

Bodi yenyewe naipa maksi nzuri. Ubongo wake ni ATmega328P, megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi, yaani kwa mtu aliyezoea simu ya giga kadhaa hii ni kichekesho. Ila ndio uzuri wake bana, ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuielewa yote. Na ni ngumu kufa. Inatumia volti 5, kila pini (tundu la kuchomekea waya) inatoa miliampea 20 kwa raha zake, mwisho wa mwisho 40, ukiweka taa ya LED na rezista (kipande cha kupunguza umeme) ya omu 220 unapata kama miliampea 13 au 14, fanya hesabu mwenyewe kwa sheria ya Ohm, volti 5 toa zile 2 zinazobaki kwenye taa gawa kwa 220. Form six tulikuwa tunafanya hizi hesabu kwenye karatasi, praktiko za umeme zilikuwa mita brijii na potenshiomita, unasogeza kile kisu kwenye waya mpaka galvanomita isome sifuri, unachora grafu, unarudisha karatasi. Sikuwahi kujua ile kitu inatumika wapi mtaani. Kwenye seti hii kuna kale kasensa ka mwanga, LDR, ukikaunganisha na rezista moja kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vipande) unagundua ni kugawanya volti kulekule kwa mita brijii, ila sasa badala ya grafu taa inawaka giza likiingia. Kwa mtu wa PCM hii peke yake inalipa nusu ya hela.

Sasa tuje kwenye sensa, hapa nitakaa kidogo.

Ile yenye macho mawili kama bundi, HC-SR04, inapima umbali kwa sauti. Inatoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio halisikii, unagonga kitu unarudi, bodi inahesabu muda. Ukiangalia mafunzo yote ya mtandaoni wanakwambia chukua maikrosekunde gawa kwa 58 unapata sentimita. Sawa. Pima ukuta ulioupima kwa futi kamba ukawa mita moja kamili, Dar mchana, feni imezimika. Itakusomea 98 au 99. Watu wanasema sensa mbovu, kumbe hapana, ile 58 imewekwa kwa hewa ya nyuzi 20 hivi ambapo sauti inakimbia karibu mita 343 kwa sekunde, na Dar nyuzi 20 utaiona wapi, kwenye nyuzi 30 sauti inafika kama mita 349 kwa sekunde kwahiyo mwangwi unawahi kurudi na sensa inadhani ukuta uko karibu. Dawa yake ni kuunganisha na sensa ya joto halafu unaweka kasi sahihi kwenye programu. Mistari michache tu. Hicho ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote kwenye seti nzima, na hakimo kwenye kijitabu chao.

Nikaona niipeleke kwenye kazi halisi. Ninapokaa Tabata kwa mama mdogo kuna simtanki la lita 1,000 juu ya mnara, na maji yanatoka kwa zamu, kwahiyo kujua yamebaki kiasi gani ni suala la ndoa kabisa. Wazo: sensa juu ya mfuniko inaangalia chini, namba inatokea kwenye kioo jikoni. Mama mdogo akaniangalia akasema, "Mwanangu, kwani kuligonga kwa mkono kuna shida gani?" Na kusema kweli ana hoja, maana kugonga tanki ukasikiliza panapobadilika mlio ni kupima kwa sauti vilevile, tena bila betri. Kwa siku chache za mwanzo ilisoma vizuri, baada ya hapo ikaanza kuruka ruka. HC-SR04 haijazibwa dhidi ya maji, na ndani ya tanki juani mvuke unageuka matone kwenye macho yake. Halafu mlio wake unatanuka kadiri unavyoshuka, kwahiyo ukiiweka pembeni ya tanki inapata mwangwi wa ukuta badala ya maji, inatakiwa ikae katikati. Na chini ya sentimita 2 haioni kabisa. Kwa tanki kuna ndugu yake anaitwa JSN-SR04T, ana jicho moja lililozibwa, ila huyo naye hasomi vitu vilivyo karibu chini ya sentimita 20 hivi, kwahiyo lazima umnyanyue juu ya usawa wa tanki likijaa. Kwahiyo kwa meza ya kusomea HC-SR04 nzuri sana, kwa tanki hapana, muuzaji akikwambia "inafaa hata kisima" mwambie asante.

Joto sasa. Seti yangu ina mbili, DHT11 ya bluu yenye vitundu na LM35 inayofanana na transista. Ukiziweka pamoja hazikubaliani. DHT11 yenyewe mtengenezaji anakiri inaweza kukosea mpaka nyuzi 2 juu au chini, na unyevu asilimia 5, kwahiyo kwa kujua leo kuna joto sawa, kwa kitu cha kutotolesha vifaranga sikushauri, ongeza hela chukua DHT22 ambayo kosa lake ni kama nusu nyuzi. LM35 ni mkweli zaidi, inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, lakini hapa ndipo pana mtego ambao unawapata wengi sana: bodi inapima kwa kulinganisha na volti 5 yake yenyewe, inaigawa hatua 1024, na wewe kwenye programu umeandika 5.0. Nani kasema ni 5? Ukiipa umeme kutoka USB ya laptopu iliyochoka, kwa waya ule mfupi wa bluu waliokupa, inaweza kuwa 4.75. Hapo tayari umekosea asilimia 5, chumba cha nyuzi 30 kinasomeka 31 na nusu na kitu, na programu haina kosa hata moja, utaipitia mstari kwa mstari usiku kucha hutaona kitu.

Ndio maana nikasema usinunue seti peke yake. Nunua maltimita, kifaa cha kupimia volti na ampea. Zile za njano za DT830 za bei ya chakula cha siku mbili tatu zinatosha kabisa kwa kazi hii, unaweka kwenye volti 20 DC, unagusa pini ya 5V na GND (ile ya sifuri), unaandika namba uliyoiona kwenye programu badala ya 5.0, umemaliza. Mimi naona hata kama hela haitoshi vyote, anza na maltimita halafu nunua bodi tupu na vitu vichache, kuliko seti kubwa ya vipande mia bila kifaa cha kuvipima. Wenzangu kadhaa darasani wana seti kubwa kuliko yangu, zile zenye kibodi na kila kitu, na hakuna anayejua volti zake ni ngapi. Ila hiyo maltimita tundu lake la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi ndani, na kwenye umeme wa ukutani usiipeleke kabisa, waya zake ni nyembamba.

Vitu vya hovyo kwenye boksi navipitia haraka. Betri ya volti 9 na kile kifuniko chake, sahau, ile betri ina chaji kidogo na bodi inaunguza karibu nusu ya hizo volti 9 kama joto ili ipate 5, ukiongeza sevo (mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayoitaka) haidumu, tumia pawabenki. Sevo ndogo ya bluu ya SG90 ni nzuri ila ukiipa umeme kutoka kwenye bodi, ikikwama inavuta mia kadhaa za miliampea na bodi inazima na kuwaka yenyewe, watu wanadhani programu mbovu, ipe volti 5 yake pembeni ila unganisha GND ziwe pamoja. Kile kisoma kadi za kugusisha (RFID), RC522, ni cha volti 3.3, ukikichomeka kwenye 5 unaweza kukiua, na kijitabu kinasema kwa maandishi madogo kama sisimizi. Kioo cha LCD ukikiwasha kikawa bluu tupu bila herufi hakijafa, nyuma kuna kaskrubu ka bluu ka kuzungusha kwa bisibisi ndogo, zungusha mpaka herufi zitokee, na kama bado, basi anwani yake, ile namba unayokiitia kwenye programu, ni 0x3F badala ya 0x27. Waya za jampa, zile za kuunganishia, zitaanza kulegea, nunua nyingine. Sidii iliyomo ndani sijui ni ya nani, laptopu zenyewe siku hizi hazina pa kuiweka.

Rilei, ile swichi inayowashwa na bodi, naitenga. Imeandikwa 10A 250VAC na ndio kitu cha kwanza kila mtu anataka kujaribu, kuwasha taa ya chumba kwa simu. Jamani, umeme wetu ni volti 230, ile bodi ya rilei skrubu zake ziko wazi na upande wa chini maungio ya risasi ya kulehemu yako nje nje, ukiishika chini kidole kinagusa moja kwa moja. Mwaka wa kwanza jaribu rilei kwa taa ya volti 12 au kwa betri, inafanya kazi ileile na inatoa sauti ileile ya "tak". Mimi nasoma umeme na bado siigusi ya ukutani bila fundi kusimama.

Laptopu: kama yako ni ya kizee usipakue Arduino IDE (programu ya kuandikia maelekezo ya bodi) mpya ya toleo la 2, ni nzito, chukua ile ya zamani 1.8.19 inakimbia kwenye kitu chochote. Huna laptopu? Kuna apu ya simu inaitwa ArduinoDroid, unahitaji waya wa OTG (wa kuchomeka USB kwenye simu) tu, kidogo inasumbua kuandika kwa vidole ila inapanda. Na kama hata hela ya seti haipo usione umeachwa, tovuti ya Tinkercad ina Arduino ya kwenye skrini bure, unavuta taa na rezista na unaendesha programu kabisa, mimi nilianzia huko likizo baada ya form six kwa bando la usiku. Ila kule volti 5 ni volti 5 kweli na sauti haijui joto la Dar, kwahiyo hayo niliyoyaeleza juu hutayaona.

Kuna watakaosema mbona usichukue ESP32, bodi nyingine ndogo, ina WiFi na Bluetooth, kasi mara kumi na zaidi na bei karibu sawa na bodi tupu ya UNO. Ni kweli, na ndiyo ninayoitaka bumu likiingia, pamoja na ile JSN ya tanki. Ila ya kwanza kabisa bado nasema UNO, kwasababu ESP32 ni ya volti 3.3 na sensa nyingi za mtaani zinatoa 5, ukizichanganya bila kujua unachoma pini, wakati UNO inavumilia ujinga mwingi. Anayekuja kwa programu tu, yule wa kompyuta sayansi ambaye hana haja na rezista, huyo aende ESP32 moja kwa moja. Na wenzetu wa sivo na kemiko (uhandisi wa ujenzi na wa kemikali), seti nzima ni kupoteza hela, bodi na sensa mbili za kazi yako zinakutosha.

Kwa ujumla naipa 7 kwa 10, ingepata 8 kama wangetoa betri na sidii wakaweka waya wa USB mrefu. Ukienda kununua usikubali kufungiwa boksi hivihivi. Mwombe muuzaji aichomeke bodi kwenye kompyuta yake au hata chaja ya simu, taa yenye herufi L ikipepesa bodi ni nzima maana nyingi zinakuja na programu hiyo ndani. Fungua vyumba vyote uhesabu mbele yake, hasa LM35 na kile kipokezi cha rimoti, hivyo vidogo ndivyo vinavyokosekana, na ile sevo ya bluu, izungushe kidogo kwa mkono usikie kama meno yanakwaruza. Akikataa kufungua, duka la pili liko hatua chache mbele na wanauza boksi lilelile.